Gesi ya Kuni: Moshi Unaoendesha Injini

Maneno ya somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Mwalimu ayasome polepole mara moja, kisha kila mwanafunzi asome kifungu kimoja kwa sauti.

  

Katika somo lililopita tulizungumza juu ya injini ya petroli. Tuliona kwamba petroli haiungui ndani ya injini ikiwa maji maji. Kwanza hugeuka mvuke, mvuke ule huchanganyika na hewa, cheche ya plagi huuwasha, hulipuka, husukuma pistoni, na gurudumu huzunguka. Leo tutauliza swali moja. Je, injini ile ile yaweza kuendeshwa kwa kuni?

Jibu ni ndiyo. Lakini injini haili kuni zenyewe. Hula gesi itokayo katika kuni. Na gesi hiyo sharti ipite katika makaa ya moto kabla ya kufika kwenye injini. Shikeni neno hilo, maana ndilo somo lote la leo: moshi upite motoni kwanza.

Tuanze jikoni, kwa kuwa kila mmoja wetu anajua moto wa kuni. Ukuni unapofuka bila kuwaka, hutoa moshi mzito. Ukiuletea moshi huo kijinga cha moto, mara nyingi hushika ghafula, ukawaka. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba ndani ya moshi mna kitu kinachoweza kuungua. Ukuni ukishapata joto hugawanyika. Sehemu moja hupanda kama moshi, na sehemu nyingine hubaki kuwa mkaa. Ule moto mwekundu wa manjano tunaouona juu ya kuni si ukuni unaoungua, ni gesi ya ukuni.

Basi kwa nini tusichukue moshi huo tukautia katika injini moja kwa moja? Tazameni dari ya jiko la kuni. Imekuwa nyeusi, inang'aa, na ukiigusa inanata. Kile kinachonata ni lami ya kuni. Ikiingia katika injini, hupoa na kuganda juu ya vali. Vali zikishikwa hazifungi wala hazifunguki, na injini husimama. Kusafisha injini iliyojaa lami ni kazi ya siku nzima, na mara nyingine vyuma huwa vimekwisha haribika. Hii ndiyo taabu kubwa iliyowashinda wengi waliojaribu kutumia gesi ya kuni.

Sasa mwalimu achore ubaoni pipa refu la chuma, lenye kifuniko juu na wavu wa chuma karibu na chini.

Fikirini kwanza kwamba tumejaza kuni katika pipa hilo, tumewasha moto chini, hewa inaingia chini, na gesi inatoka juu. Moto uko chini, kuni mpya ziko juu. Joto linapopanda, kuni za juu hutoa moshi wenye lami. Moshi huo haupiti tena motoni. Hutoka juu na lami yake yote. Gesi ya namna hii yafaa kuchemshia maji au kukaushia majani ya chai, kwa kuwa huko huungua papo hapo ingali moto. Kwa injini haifai.

Sasa tugeuze njia. Tufunge kifuniko cha juu kabisa, hata hewa isipite. Tutoboe matundu ya hewa ubavuni, kama katikati ya pipa, na tuweke bomba la kutolea gesi chini, chini ya wavu. Injini au feni ivute kutoka huko chini. Moshi wa kuni za juu utafanya nini? Juu hakuna mlango. Hauna budi kushuka. Na katika kushuka unakutana na moto mkali, kisha makaa mekundu. Hapo lami nyingi huvunjika na kugeuka gesi nyepesi isiyonata. Mtambo wa namna hii tutauita mtambo wa kuvuta chini.

Ndani ya mtambo huo mna kama ghorofa nne. Tushuke pamoja, moja baada ya nyingine.

Ghorofa ya kwanza ni ya kukausha. Kuni zinapata joto kutoka chini, na maji yaliyobaki ndani yake hutoka kama mvuke.

Ghorofa ya pili ni ya kuoka. Hakuna hewa ya kutosha hapa, kwa hiyo kuni haziwaki. Hufanya kama zinavyofanya katika tanuri la mchoma mkaa: hutoa moshi na lami, na zinazobaki ni mkaa.

Ghorofa ya tatu ni ya kuungua. Hapa ndipo yalipo matundu ya hewa. Moshi, lami na baadhi ya mkaa huungua kwa ukali mno. Joto hufika digrii 1,200 za sentigredi, au hata zaidi. Chini kidogo ya matundu hayo pipa hubanwa likawa jembamba kama shingo ya kibuyu. Tutapaita mahali hapo koo la mtambo. Kazi ya koo ni kuuzuia moshi usipite pembeni penye baridi. Kila kitu kipite katikati ya moto.

Ghorofa ya nne ni ya kugeuza. Hapa mna makaa mekundu tu, hakuna hewa mpya. Vitu vinavyoshuka kutoka motoni ni kaboni dioksaidi na mvuke wa maji, na vyote viwili haviungui tena, maana vimekwisha ungua. Lakini makaa yenye moto yana njaa ya oksijeni. Huinyang'anya kaboni dioksaidi sehemu ya oksijeni yake, nayo hugeuka kaboni monoksaidi. Huunyang'anya mvuke wa maji oksijeni yake, nao huacha hidrojeni. Gesi hizi mbili huungua vizuri. Basi kilichokuwa hakifai kimefaa tena. Majivu huanguka kupitia kwenye wavu, na gesi hutoka kwa bomba.

Tukiigawa gesi hiyo katika sehemu 100, kwa kadiri tutapata hivi: kaboni monoksaidi sehemu 20, hidrojeni sehemu 17, methani sehemu 2, kaboni dioksaidi sehemu 11, na naitrojeni sehemu 50. Tazameni hesabu hiyo. Sehemu zinazoungua ni 20 na 17 na 2, yaani 39 tu. Sehemu 61 zilizobaki haziungui. Naitrojeni ile imeingia pamoja na hewa tunayovuta, nayo hupita tu kama abiria asiyelipa nauli. Kwa sababu hiyo injini ya petroli ikitumia gesi ya kuni hupungukiwa nguvu, kiasi cha theluthi moja hadi nusu. Lori lililokuwa likipanda kilima kwa urahisi litapanda polepole.

Injini ya dizeli nayo hutumia gesi hii kwa njia nyingine. Haina plagi ya kutoa cheche, kwa hiyo lazima ipate dizeli kidogo ili moto uanze. Aghalabu dizeli hiyo ni sehemu 10 hadi 20 katika kila 100 za matumizi ya kawaida, na gesi hufanya kazi iliyobaki.

Gesi ikitoka katika mtambo haiendi moja kwa moja kwenye injini. Bado ina joto na vumbi la mkaa. Kwanza hupita katika chombo cha kuizungusha kwa kasi, vumbi zito likaanguka. Kisha hupozwa katika mabomba, kwa kuwa gesi iliyopoa hukaa nyingi zaidi mahali padogo. Mwisho huchujwa. Ndipo inapochanganywa na hewa, kwa kadiri kipimo kimoja cha gesi kwa kipimo kimoja cha hewa, na kuingia katika injini.

Wengine mtauliza: Je, jambo hili limepata kufanywa kweli, au ni la vitabuni tu? Ili kujibu, hatuna budi kwenda Ulaya kidogo.

Katika miaka ya 1920, Georges Imbert, mtaalamu wa kemia kutoka upande wa Alsace-Lorraine, mpakani mwa Ufaransa na Ujerumani, alitengeneza mtambo wa kuvuta chini uliofaa kuwekwa juu ya gari. Mitambo mingi iliyofuata iliiga umbo lake. Wakati wa amani watu wengi hawakuujali, kwa kuwa petroli ilipatikana. Lakini vita vya pili vya dunia vilianza mwaka 1939. Uswidi haikupigana katika vita hivyo. Hata hivyo, mwezi wa Aprili 1940 Ujerumani ilizishika Denmark na Norwei, na njia ya bahari ya kuleta mafuta Uswidi kutoka magharibi ikazibwa karibu yote. Nchi ile haikuwa na visima vya petroli, bali ilikuwa na misitu mingi sana. Basi watu walifunga mitambo ya kuni na ya mkaa nyuma ya magari, mabasi, malori na matrekta. Yalikuwa magari yapata 70,000. Katika Ulaya nzima hukadiriwa kwamba yalifika karibu milioni 1.

Vita vilipokwisha mwaka 1945 na petroli ikarudi, watu waliing'oa mitambo hiyo upesi. Kwa nini? Si kwa sababu haikufanya kazi. Ilifanya kazi, na nchi haikusimama. Lakini iliwadai watu kazi nyingi kila siku: kupasua kuni, kukausha, kuwasha, kusafisha, kutoa majivu. Na iliwapa sumu watu wengi. Mambo haya mawili, kazi na sumu, ndiyo tunayopaswa kuyajua vema kabla mtu hajatuuzia mtambo. Mafuta yalipopanda bei katika miaka ya 1970 mitambo hii ilikumbukwa tena, na hadi leo wako watengenezaji wanaoiuza kwa viwanda vidogo na mashine za kusaga.

Tuanze na kazi. Kazi ya kwanza ni kuni zenyewe. Sharti ziwe kavu. Katika kila kilo 100 za kuni, maji yasizidi kilo 20. Ukuni uliokatwa leo mara nyingi huwa na maji kama nusu ya uzito wake. Maji mengi huupoza moto, na moto ukipoa lami haivunjiki.

Tena kuni zikatwe vipande vya ukubwa unaolingana. Vipande vidogo viwe kama kiberiti, na vikubwa visizidi kipande cha sabuni ya kufulia, kufuata ukubwa wa mtambo. Vipande virefu hukwama kooni, kuni za juu zikabaki zinaning'inia, na chini pakawa shimo tupu. Vumbi la msumeno nalo haliruhusu hewa kupita. Vifuu vya nazi na magunzi ya mahindi makavu yafaa. Makapi ya mpunga hayafai katika mtambo huu wenye koo, kwa kuwa katika kilo 100 huacha majivu kilo 20 hivi, nayo huziba njia. Yako mitambo ya umbo jingine kwa makapi ya mpunga. Msinunue mmoja kwa kazi ya mwingine.

Kazi ya pili ni kuwasha. Kwanza mwendeshaji hutikisa wavu ili majivu yaanguke, hutazama kama mkaa umejaa kuzunguka koo, kisha hujaza kuni na kufunga kifuniko. Huwasha moto kwenye tundu la hewa huku feni ikivuta. Mwanzoni moshi ni mweupe na mzito, wenye lami nyingi. Moshi huo usipelekwe kwenye injini hata kidogo. Hupelekwa nje kwenye bomba la majaribio, na hapo mwendeshaji hujaribu kuuwasha. Gesi ikiwaka sawasawa bila kuzimika, imekuwa tayari. Aghalabu hungoja dakika 10 hadi 20. Asiye na subira ya dakika hizo atalipa kwa injini.

Kazi ya tatu ni kuupa mtambo kazi ya kutosha. Hili watu wengi hulisahau. Injini ikienda polepole muda mrefu bila mzigo, huvuta hewa kidogo, koo hupoa, na lami hupita. Kwa hiyo mtambo mkubwa mno kwa kazi ndogo ni hasara mbili: umelipa fedha nyingi, na unaharibu injini yako.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana nafika kwenye jambo la uhai na kifo.

Kaboni monoksaidi, ile sehemu 20 katika 100 inayoendesha injini, ni sumu. Haina rangi wala harufu. Ni sumu ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Mtu akivuta hewa yenye sehemu 16 tu za gesi hiyo katika kila sehemu 10,000, kichwa humwuma, kizunguzungu na kichefuchefu humshika katika dakika 20 hivi, naye aweza kufa katika saa 2. Sasa fanyeni hesabu. Gesi ya kuni ina sehemu 20 katika 100, yaani 2,000 katika 10,000. Gawanyeni kwa 16. Ni mara 125.

Wengi hudhani kwamba hatari ni kubwa injini inapokwenda. Sivyo. Injini inapovuta, mahali penye ufa huingiza hewa ndani, gesi haitoki nje. Hilo nalo si jema, maana hewa ikichanganyika na gesi yenye joto yaweza kulipuka. Lakini sumu humwagika zaidi injini ikishazimwa. Injini imenyamaza, na makaa bado mekundu, yanaendelea kutoa gesi saa nzima au zaidi, wala hakuna kinachoivuta. Gesi hutafuta njia yake yenyewe. Huko Ulaya wakati wa vita, watu waliingiza magari ndani ya banda jioni, wakafunga mlango wasipate baridi, na sumu ikawapata humo humo.

Basi ziko amri tano. Ya kwanza: mtambo ukae nje, au chini ya paa lisilo na kuta. Ya pili: mtu asilale karibu nao, hata mlinzi, hata usiku wa mvua. Ya tatu: anayefungua kifuniko kuongeza kuni asimame upande upepo unakotoka, na asiinamishe uso juu ya tundu, kwa kuwa gesi yaweza kushika moto ghafula. Ya nne: mtu asifanye kazi hapo peke yake. Ya tano: akiumwa kichwa au kizunguzungu, aondoke mara moja aende kwenye hewa safi, wala asiseme ni uchovu. Ukimkuta mtu ameanguka, usimkimbilie kabla ya kuita wenzako, maana sumu iliyomwangusha itakuangusha na wewe. Mtoeni nje, kama amekoma kupumua msaidieni kupumua, na mpelekeni hospitali upesi apewe oksijeni.

Jambo la mwisho ni hesabu ya miti. Kwa kadiri, kilo 3 za kuni kavu hufanya kazi ya lita 1 ya petroli. Tuseme chama chenu kina mashine ya kusaga inayotumia lita 10 kwa siku. Mtahitaji kilo 30 za kuni kavu kila siku. Kwa siku 6 za kazi ni kilo 180. Kwa wiki 50 ni kilo 9,000, yaani tani 9. Mwalimu, andika ubaoni bei ya lita 10 za petroli hapo kwenu, na kando yake bei ya kilo 30 za kuni pamoja na ujira wa mtu wa kuzipasua na kuzikausha. Kisha darasa lifanye hesabu lenyewe.

Lakini fedha si hesabu yote. Tani 9 hizo zitatoka wapi? Kama karibu nanyi kuna kiwanda cha mbao kinachotupa mabaki, au shamba la minazi lenye vifuu vingi, mna mali inayopotea bure. Kama hakuna, ni nani amepanda miti hiyo? Kuni za mashine zisije zikawa zile zile ambazo akina mama wanazifuata mbali kwa kupikia. Chama kinachonunua mtambo bila kupanda miti kimekopa kwa jirani bila kumwuliza.

Basi, ndugu zangu, sikuwaambia mnunue wala msinunue. Nimetaka tu kwamba atakapokuja mwenye kuuza, mjue la kumwuliza. Mwulizeni moshi unapita wapi. Mwulizeni mtambo wake unataka kuni za namna gani, kavu kiasi gani, za ukubwa gani. Mwambieni auwashe mbele yenu, muione gesi ikiwaka kwenye bomba la majaribio. Na mwulizeni utakaa wapi usiku. Akikasirika kwa maswali hayo, mmekwisha pata jibu.

Kwaherini, hadi somo lijalo.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini moshi wa kuni usitiwe katika injini moja kwa moja?
2. Koo la mtambo lina kazi gani?
3. Taja ghorofa nne za mtambo, kuanzia juu.
4. Kwa nini sumu humwagika zaidi injini ikishazimwa?
5. Mashine inatumia lita 7 za petroli kwa siku. Itahitaji kilo ngapi za kuni kavu kwa siku 6?
6. Katika kijiji chenu, kuni za kazi hii zingetoka wapi, na nani angezikosa?